Robo ya Milimita

Picha ya Yusuf Dikeç ilizunguka dunia mwishoni mwa Julai 2024, na wengi walioitazama waliisoma vibaya. Mwanamume wa miaka 51, mvi kichwani, fulana ya timu ya Uturuki, miwani ya kawaida usoni, mkono mmoja mfukoni na mwingine umenyooka ukiwa na bastola. Pembeni yake watu waliweka picha ya Kim Yeji wa Korea Kusini, aliyevaa miwani ya chuma yenye lenzi ndogo ya duara na kibao cha kuziba jicho la pili. Vichekesho vikaanza: huyu kaja na maabara yake, yule alitoka kununua mkate akapitia uwanjani. Dikeç na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walikuwa wamepata medali ya fedha ya bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu mchanganyiko, nyuma ya Waserbia Zorana Arunović na Damir Mikec. Ilikuwa medali ya kwanza ya Uturuki katika ulengaji shabaha tangu Olimpiki ianze. Basi hukumu ikapitishwa mitandaoni kwamba vifaa ni mbwembwe tu, kipaji ndicho kila kitu.

Hukumu hiyo haina msingi. Bastola aliyoishika Dikeç ni mashine ya usahihi wa hali ya juu, jamii moja na zile za wapinzani wake wote. Mkono mfukoni si maringo. Mkono usio na kazi ukiachwa uning'inie, huyumba na kuliyumbisha bega, kwa hiyo kila mlenga shabaha huutafutia mahali pa kukaa. Wengine huchomeka kidole gumba kwenye mkanda, wengine hutumia mfuko. Masikioni alikuwa na vizibo. Na kulenga macho yote mawili yakiwa wazi ni uamuzi wa kiufundi, maana ubongo lazima ufunzwe kuipuuza picha ya jicho moja kwa muda wote wa mashindano. Mtu huyu aliingia katika mchezo mwaka 2001 akiwa askari wa jandarma (polisi wenye mfumo wa kijeshi), na Paris ilikuwa Olimpiki yake ya tano, kuanzia Beijing 2008. Kuacha vifaa nyumbani namna ile huja baada ya kuvijua kimoja kimoja na kugundua ni vipi usivyovihitaji.

Ninausifu mchezo huu kwa sababu ni mmoja kati ya michache ya Olimpiki ambamo mtu wa miaka 55 husimama mstari mmoja na binti wa miaka 20, wakilenga duara lilelile, bila kupewa nafuu hata kidogo. Na anayenivutia zaidi si Dikeç. Ni mama mmoja kutoka Georgia, ile nchi ya milima ya Caucasus, ambaye nitamfikia. Tuanze na chombo chenyewe.

Bastola ya upepo ya mashindano haifanani na ya askari. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinataka iingie katika kisanduku cha urefu wa milimita 420, kimo milimita 200 na upana milimita 50, isizidi gramu 1,500, na ishikwe kwa mkono mmoja tu. Nyingi zina uzito wa kama kilo moja. Chini ya mtutu umelala mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Kila mara kifyatulio kikivutwa, hewa kidogo hutoka na kukisukuma kijirisasi cha kipenyo cha milimita 4.5, chenye uzito wa karibu nusu gramu na kichwa bapa. Ubapa huo una historia yake: enzi za shabaha za karatasi, kichwa bapa kilikata tundu safi la mviringo ambalo mwamuzi alilipima bila ubishi. Siku hizi shabaha za mashindano makubwa ni za kielektroniki, lakini kichwa kimebaki bapa vilevile.

Mtungi wa hewa una tarehe ya mwisho wa matumizi. Watengenezaji huupa kwa kawaida miaka 10, kisha hauruhusiwi tena mashindanoni. Mlenga shabaha aliyedumu huzika mitungi kadhaa.

Lakini sehemu ya bastola ninayoweza kuitazama siku nzima ni kishikio. Hutengenezwa kwa mbao, mara nyingi za mti wa jozi. Kiwandani hutoka katika saizi ndogo, ya kati na kubwa, cha mkono wa kulia au wa kushoto, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mwenye bastola huchukua tupa na msasa. Hupunguza panapobana kiungo cha kidole. Penye uwazi hujaza rojo la unga wa mbao na gundi, husubiri likauke, kisha hushika, hufumba macho, huinua mkono na kufumbua. Vilengeo vikiwa vimekaa sawa bila yeye kuvisogeza, kishikio kimekubali. Vikiwa vimekwenda kushoto kidogo, tupa tena. Kazi hii huweza kuchukua miezi, na watu makini hawaimalizi kamwe, kwa sababu kiganja hakibaki kilivyo. Joto hukivimbisha katikati ya mashindano. Miaka hupunguza nyama ya shina la kidole gumba na kuvimbisha vifundo vya vidole. Kishikio kilichomkaa mtu sawasawa akiwa na miaka 30 humpotosha akiwa na 60, kidogo kidogo, bila kumwambia. Ndiyo sababu vishikio vya wakongwe huwa na viraka vya rangi mbili tatu, gundi ya zamani chini ya gundi mpya. Watu huviona vibaya; mimi naona ndivyo vilivyo vizuri zaidi. Kitu kimoja tu kanuni zinakataza kabisa: kishikio kisikisaidie kifundo cha mkono. Kifundo kijitegemee chenyewe.

Kabla ya kuingia uwanjani mwamuzi hupima kifyatulio. Bastola husimamishwa mtutu ukitazama juu, uzani wa gramu 500 huning'inizwa kwenye kifyatulio, na kifyatulio lazima kiubebe bila kuachia. Kikiachia, rudi ukarekebishe. Mlengaji hugawanya gramu hizo katika hatua mbili. Hatua ya kwanza kidole hubeba sehemu kubwa ya uzito mpaka kinakutana na kizuizi. Baada ya hapo imebaki sehemu ndogo, na katika sehemu hiyo ndogo ndimo unamoishi mchezo mzima.

Kuna hesabu moja ambayo bila hiyo huwezi kuelewa wanachokifanya watu hawa. Duara la pointi 10 katika mita 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Kijirisasi kikigusa mstari wake tu, pointi ni zako, kwa hiyo kitovu cha kijirisasi kinaweza kupotoka karibu milimita 8 na bado ukapewa 10. Sasa, mkono wa binadamu ulionyooshwa ukiwa na kilo moja hautulii. Wa bingwa pia hautulii. Una mtetemo mdogo wa haraka, na juu ya mtetemo huo kuna kuyumba kwa polepole kunakotoka miguuni na kwenye pumzi. Tuseme mkono mzima umesogea milimita 3 kulia, na vilengeo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, vimesogea pamoja. Kijirisasi kitatua milimita 3 kulia. Bado ni 10, tena nzuri. Lakini tuseme ni kifundo kilichopinda, hata kilengeo cha mbele kikatoka katikati ya pengo la nyuma kwa robo ya milimita. Umbali kati ya vilengeo hivyo viwili ni kama sentimita 32, na mita 10 ni zaidi ya mara 30 ya umbali huo. Robo ya milimita mkononi inakuwa karibu milimita 8 kwenye shabaha, na umefika ukingoni kabisa mwa 10. Nusu milimita inakushusha hadi mpaka wa 9 na 8.

Rudia kuisoma hesabu hiyo kama imekupita, kwa sababu kila kitu kingine kinatokana nayo. Mtikisiko unaotisha macho ya watazamaji unagharimu kidogo sana. Kosa lisiloonekana na mtazamaji yeyote, la kifundo au kidole, ndilo linalokula pointi.

Kwa hiyo makocha humpa mwanafunzi agizo linaloonekana la kichaa: usiitazame shabaha. Kaza jicho kwenye kilengeo cha mbele, kiwe na kingo kali, na uache duara jeusi kule mbele liwe na ukungu. Usilenge hata nukta. Lenga eneo, mara nyingi weupe ulio chini ya duara jeusi, na uache vilengeo vielee humo. Mazoezi mengi hayahusishi kijirisasi kabisa. Mtu husimama nyumbani mbele ya ukuta mweupe usio na alama, huinua bastola tupu, huvuta kifyatulio, na kuangalia kama kilengeo cha mbele kimeruka kilipoachia. Ukuta mweupe hauna pa kulenga, basi jicho halina pa kukimbilia ila kwenye chuma. Nimewahi kusikia watu wakiuita mchezo huu wa kuchosha kutazama. Ni kweli. Kuufanya ni kujichosha zaidi.

Mwanafunzi hufanya nini? Husubiri. Huona vilengeo vinapita katikati, vinatoka, vinarudi, na vinaporudi anajiambia, sasa! Hapo kidole hupiga, kifundo hupinda, na kijirisasi kinakwenda kwenye 7. Mkongwe havizii. Huanza kubana kifyatulio wakati vilengeo bado vinaelea, hukibana kwa mwendo mmoja, na bastola humshangaza yeye mwenyewe inapolia. Kisha hubaki vilevile sekunde moja mbili baada ya mlio, jicho bado kwenye kilengeo. Anayeshusha mkono haraka ili aone alichopata hujikuta, siku moja, ameanza kuushusha kabla ya kufyatua.

Na kuna kitendo kimoja zaidi ambacho runinga haikionyeshi kwa kuwa hakina matokeo. Mlengaji ameinua mkono, ameshuka mpaka kwenye eneo lake, sekunde tano, nane, kumi, na kidole kimegoma. Jicho limechoka, pumzi inadai haki yake. Hushusha mkono, huuweka juu ya meza, hupumua, huanza upya tangu nyayo. Mashindano hutoa risasi 60 kwa dakika 75, yaani dakika moja na robo kwa kila risasi, na anayeshusha mkono mara nyingi anakula muda wake mwenyewe huku akimbebesha bega kilo ileile tena. Hata hivyo hushusha. Vijana hulazimisha, kwa kuwa mwili wao unawaruhusu kulazimisha. Mwili wa mtu wa miaka 55 umeshaacha kumruhusu, na kwenye kadi ya pointi hilo huwa faida.

Jicho halina faida ya namna hiyo. Jicho ndilo linaloondoka kwanza.

Lenzi ya jicho la kijana ni laini, hubadili umbo ili kuona karibu na mbali bila mwenyewe kujua. Kufikia miaka 40 na kitu imeanza kukakamaa. Fundi cherehani wa umri huo humwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano. Kwa mlenga shabaha tatizo ni gumu zaidi, kwa sababu kitu anachotaka kukiona hakiko karibu wala mbali. Kilengeo cha mbele kiko kama mita moja kutoka jichoni. Miwani ya kusomea imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, hivyo huivuruga shabaha isionekane kabisa na hata kilengeo chenyewe. Miwani ya mbali huionyesha shabaha vizuri na kukiachia kilengeo kingo mbilimbili. Dawa ni lenzi ya kati: miwani ya mbali ya mtu huyo, ikiongezewa nguvu kidogo, kwa kawaida dayopta 0.5 hadi 0.75. Mtaalamu wa macho asiyeujua mchezo hawezi kuiwazia, maana hakuna anayesoma gazeti lililo umbali wa mita moja. Walengaji wazoefu humwendea wakiwa wameshapima kwa futi umbali wa kutoka jichoni hadi kilengeoni na kuuandika kwenye karatasi.

Hapo ndipo miwani ya Kim Yeji inapoacha kuchekesha. Mtu anayelenga kwa mkono mmoja hugeuza kichwa, kwa hiyo akivaa miwani ya kawaida anachungulia kupitia pembeni mwa lenzi, mahali ambapo picha hupinda. Fremu ile ya chuma humruhusu kuisogeza lenzi mpaka kitovu chake kikae mbele ya mboni yake hasa, kwa jinsi kichwa kilivyogeuka. Mbele ya lenzi anaweza kufunga kitundu kinachobana na kupanuka. Kitundu kikibana, vitu vya karibu na vya mbali huonekana wazi kwa pamoja zaidi: kilengeo hupata kingo na duara jeusi hujikusanya. Ila kitundu hula mwanga. Jicho la mtu mzima linahitaji mwanga mwingi kuliko la kijana, kwani mboni imekuwa ndogo na lenzi imeanza umanjano, kwa hiyo kila nusu zamu ya kubana kitundu ina bei yake, na bei hupanda mwaka hadi mwaka. Kibao cha kuziba jicho la pili nacho kina kanuni: upana usizidi milimita 30. Anayeziba jicho hulipumzisha bila kulifumba. Kulifumba kwa nguvu huvuta misuli ya uso mzima na kulichosha hata lile linalolenga.

Tukiwa na haya yote mkononi, sasa mtazame Nino Salukvadze.

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1969. Kocha wake alikuwa baba yake, Vakhtang. Mwaka 1988 huko Seoul, akiwa na miaka 19 na akivaa rangi za Umoja wa Kisovyeti, alichukua dhahabu ya bastola ya mita 25, na fedha ya bastola ya upepo ya mita 10 nyuma ya Jasna Šekarić wa Yugoslavia. Barcelona 1992 alikwenda na timu ya pamoja ya nchi zilizokuwa zimetoka kwenye Umoja huo uliovunjika. Kuanzia Atlanta 1996 alivaa rangi za Georgia. Medali nyingine ya Olimpiki haikuja mpaka Beijing 2008, miaka 20 baada ya Seoul. Ilikuwa shaba ya mita 10, na siku hiyo nchi yake ilikuwa vitani na Urusi. Aliyepata fedha alikuwa Mrusi, Natalia Paderina. Wakakumbatiana jukwaani mbele ya kamera za dunia nzima. Habari hiyo ilisimuliwa sana, na ilistahili. Kinachosimuliwa kidogo ni ile miaka 20 ya katikati: Olimpiki nne mfululizo za kurudi nyumbani bila medali, kusafisha bastola na kuanza tena.

Katika miaka yake yote ya kushindana mchezo ulibadilika mikononi mwake. Alipoanza, bastola bora za upepo zilikuwa za gesi ya kaboni dayoksaidi, za springi, au za kupampu kwa mkono. Zikaja za mtungi wa hewa. Shabaha za karatasi zikaenda, za kielektroniki zikaja, na mlengaji akawa anaona pointi zake kwenye skrini papo hapo, jambo ambalo ni balaa kwa mwenye pupa ya kuchungulia. Tangu 2013 pointi za mchujo hazibebwi tena hadi fainali: wanane huanza sifuri, na mwenye chache hutolewa mmoja mmoja. Kila badiliko kama hilo huwafukuza baadhi ya watu. Yeye alijifunza upya kila mara.

Mwaka 2016 mjini Rio alishindana pamoja na mwanawe, Tsotne Machavariani, naye mlenga bastola. Hakukuwa na mama na mwana waliowahi kushiriki Olimpiki moja kabla yao. Tokyo ilikuwa ya tisa kwake, na hapo alisema inatosha. Macho yalikuwa yamechoka. Kisha baba yake, mzee aliyemfundisha kuinua mkono, akamwomba ajaribu kufuzu mara moja zaidi. Alijaribu, akafuzu. Paris 2024 ilikuwa Olimpiki yake ya kumi. Idadi hiyo ilikuwa imefikiwa na mtu mmoja tu kabla yake, Ian Millar wa Kanada, mpanda farasi, na hata yeye hakuzifululiza. Salukvadze hakuruka hata moja katika miaka 36.

Huko Ufaransa, kwenye uwanja wa Châteauroux, hakufika fainali. Waandishi wengine waliliandika hilo kwa sauti ya huruma. Sioni huruma inatoka wapi. Zingatia tu nusu ya pili ya bastola ya mita 25, ile ya haraka: mkono huanza chini, umeinama nyuzi 45; ishara hutokea kwa sekunde 3 tu, na ndani ya sekunde hizo unainua, jicho linakamata kilengeo, kidole kinabana, risasi moja. Sekunde 7 za kungoja, kisha tena. Risasi 30 namna hiyo. Jicho linalohitaji muda kutulia kwenye kilengeo halipewi muda. Kufuzu kwenda kwenye mashindano yale ukiwa na miaka 55, dhidi ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa uliposhinda dhahabu, ni ufundi mkubwa kuliko dhahabu yenyewe ya miaka 19. Hilo ni langu, na mwenye kulipinga alipinge.

Hayuko peke yake. Ragnar Skanåker wa Uswidi alishinda dhahabu ya bastola ya mita 50 mjini Munich 1972, na mwaka 1992, akiwa na miaka 58, akapata shaba ya mashindano hayohayo mjini Barcelona. Shindano hilo la mita 50 liliondolewa katika Olimpiki baada ya Rio 2016, na kwa maoni yangu lilikuwa kosa. Afanasijs Kuzmins wa Latvia alishiriki Olimpiki tisa, ya mwisho ikiwa London 2012 akiwa na miaka 65, katika bastola ya kasi: shabaha tano, risasi tano, kwanza kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Baada ya Athens 2004 kanuni za bastola hiyo zilibadilishwa. Zile laini za zamani, zenye risasi fupi na kifyatulio chepesi, zikapigwa marufuku, na kifyatulio kikatakiwa kubeba kilo nzima. Kuzmins alikuwa amekwisha shinda dhahabu ya 1988 na fedha ya 1992 kwa mtindo wa zamani. Karibu na miaka 60 akanunua chombo kipya na kukifundisha kidole chake uzito mpya.

Na kuna Károly Takács wa Hungaria, ambaye mkono wake wa kulia, mkono wa kulengea, uliharibiwa na guruneti mwaka 1938. Alijifunza kwa mkono wa kushoto, kimyakimya, akashinda dhahabu ya bastola ya kasi London 1948 na Helsinki 1952, akiwa na miaka 38 na 42. Kisa chake husimuliwa kama kisa cha ushujaa. Mimi huwa nafikiria kishikio: mtu aliyekuwa na kishikio kilichochongwa kwa kiganja kimoja, na sasa anachonga kingine kwa kiganja ambacho hakijawahi kufanya kazi hiyo.

Mlenga shabaha anayezeeka ana adui mwingine, naye anakaa kwenye kabati la dawa. Shinikizo la damu huja na miaka, na baadhi ya dawa zake hupunguza kasi ya moyo na kutuliza mkono. Mchezo huu unazipiga marufuku dawa hizo, wakati wa mashindano na nje yake. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za Beijing 2008, fedha na shaba, baada ya kukutwa na propranololi, mojawapo ya dawa hizo. Kwa hiyo mlengaji wa miaka 60 huingia kwa daktari akiwa na karatasi ya pili mkononi, orodha ya dawa zilizokatazwa, na kuomba aandikiwe nyingine.

Kwa wale ambao bega limekataa kabisa, Ujerumani imetafuta njia. Wakongwe wana mashindano yao ambamo bastola hupumzishwa juu ya egemeo. Ni jambo jema, klabu zinabaki na wazee wao na wazee wanabaki na Jumamosi zao. Lakini ni ufundi mwingine. Egemeo huondoa kuyumba, na kwenye kuyumba ndiko tulikokuwa.

Olimpiki ijayo ya majira ya joto ni Los Angeles 2028. Bastola zikionyeshwa, achana na ubao wa pointi na miwani ya ajabu. Mtafute mwenye umri mkubwa kuliko wote kwenye mstari, kisha hesabu ni mara ngapi ameinua mkono, akangoja, akaushusha bila kufyatua.